Hina ya Mkono wa Mtu Mzima

Jumamosi. Mvua ya vuli imeanza kabla sijafungua dirisha, na mpaka adhuhuri haijapumzika. Nguo za juzi bado ziko kwenye kamba ya ndani, zinanuka unyevu. Sina huzuni, sina furaha. Nimekaa tu na daftari mapajani, na blogu yangu iko mbele yangu.

Nieleze tangu mwanzo, maana nikija kusoma haya mwakani nitakuwa nimejisahaulisha yale yasiyonipendeza.

Hoteli ya Shangani nilikokuwa nikipokea wageni ilitupumzisha masika yalipoanza, ikasema itatuita. Haikuita. Nikaanza kuangalia video za watu wanaofundisha kupata pesa mtandaoni, watu wenye meno meupe na magari ambayo sina hakika kama ni yao. Wote walisema jambo moja: usiandike kila kitu, chagua mada moja nyembamba ambayo wengine hawajaigusa, ukae nayo. Nikafikiria fukwe. Fukwe zimeandikwa mpaka zimechakaa. Nikafikiria pilau. Mama akacheka, kwa sababu anaijua pilau yangu.

Nikachagua hina. Hina naijua. Nachora tangu niko skuli, na kwenye ukoo wetu haijapita harusi ambayo sikushika mkono wa mtu.

Mwanzoni msomaji wangu mkubwa alikuwa mdogo wangu aliyeolewa Bwejuu, naye alikuwa akisoma ili apate kunicheka. Hina ya bibi harusi kila mtu anayo. Ndipo nikawaza watu wazima. Mwanamke wa makamo anataka hina, lakini hataki maua yampande mpaka kwenye kiwiko kama anaolewa yeye. Anataka kitu cha heshima, vidole na kucha, labda na ua moja kiganjani. Sikuona aliyeandika hayo. Jumatatu nikaandika, nikaupa ukurasa jina "Hina ya Mkono wa Mtu Mzima", nikatia picha moja nzuri niliyokuwa nayo kwenye simu.

Ikashika. Wakaandika wanawake wa Mombasa, wa Dar, hata wa Maskati, wakiuliza kama natia ndimu au maji ya chai. Jumatano kampuni ya matangazo iliyonikataa mara ya kwanza ikanijulisha kwamba blogu yangu imekubaliwa, na kwamba ukurasa wanaotaka kuuwekea matangazo ya kulipia ni huo. Niliruka. Si kawaida yangu kuruka, lakini niliruka.

Sasa hiyo picha.

Mikono ile ni ya shangazi yangu, Bi Salma. Nilimchora siku moja kabla ya harusi ya mdogo wangu, nyumbani kwake Mkunazini, nikampiga picha hina ikiwa mbichi. Mumewe, Mzee Khamis, alikuwa hai. Amefariki mwezi uliopita, na shangazi sasa yumo edani. Mwanamke aliyekaa eda hapaki hina, hatii wanja, hajifukizi udi. Hapa kwetu hilo halina haja ya kuelezwa, wasomaji wangu wa mbali ndio wasingelijua.

Nilijua yumo edani. Nilijua picha ni yake. Haya mawili hayakukutana kichwani mwangu. Sura sikuiweka, jina sikuliweka, nikaona nimemsitiri.

Lakini kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia kimepinda tangu utotoni, alibanwa na mlango, na mtaani kwake nani hajawahi kupokea kikombe kutoka mkono ule?

Jumatano hiyo hiyo jioni picha ilizunguka kwenye kundi la simu la wanawake wa mtaa. Hakuna aliyetukana. Mmoja aliandika, "Mashaallah, maua mazuri." Chini yake mwengine akauliza, "Hii ya lini?" Hakujibiwa. Mama ndiye aliyenionyesha. Hakunigombeza, aliniwekea simu mapajani akaenda kuosha vyombo. Bora angenigombeza.

Alhamisi dada wa marehemu, Bi Mwanaisha, alikwenda kwa shangazi. Hakuuliza kitu. Aliomba kahawa, na wakati anamiminiwa akaangalia mikono. Ngozi ilikuwa safi. Ila kwenye ncha za kucha ulikuwepo bado ukingo mwembamba wa wekundu uliobaki wa harusi, maana hina ya kucha haitoki mpaka ukucha wenyewe ukue. Bi Mwanaisha akanywa kahawa yake, akaaga. Shangazi alimsimulia mama kwa simu, na mama akanisimulia mimi akiwa amenipa mgongo.

Kufuta ni jambo la kugusa mara moja. Sikufuta. Nilijiambia kwamba nikifuta watasema tumekimbia, na hilo lilikuwa kweli. Kweli pia ni kwamba nilikuwa nautaka ule ukurasa. Siwezi kuapa ni sababu ipi iliyonizuia.

Leo asubuhi nikaitafuta picha ya asili, ile kamili, nione kama ina kitu cha kuonyesha kwamba ni ya zamani. Maana niliyoiweka nilikuwa nimeikata. Video zilisema: onyesha kile unachotaka watu wakione, vingine vyote ondoa.

Nilichokuwa nimekiondoa ni mkono wa Mzee Khamis.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Hina ikiwa mbichi mtu hashiki kitu, na shangazi siku ile alikuwa na hamu ya kahawa. Mzee alirudi kutoka msikitini akamkuta amenyoosha mikono mbele, akamtania kwamba leo hata ugomvi hawezi, akakaa mkekani, akampulizia kikombe na kumnywesha. Kwenye picha unaonekana mkono wa kanzu, kikombe, kidevu cha shangazi na pete ya fedha yenye jiwe jeusi. Nilimkata kwa sababu alikuwa anayavuta macho mbali na maua.

Nikatoka na mvua hivyo hivyo mpaka Mkunazini. Shangazi alikuwa amekaa na nguo zake nyeupe, na kando yake Bi Mwanaisha anachagua mchele. Nikasema shikamoo. Marahaba ya shangazi ilikuja mara moja, ya Bi Mwanaisha ilichelewa. Sikuanza kujieleza, nikaweka simu mkekani baina yao.

Bi Mwanaisha aliiona pete kwanza.

"Pete ya baba yetu, aliyomwachia kaka," akasema. Aliisogeza simu karibu na macho, akaanza kulia kwa sauti ndogo, sinia la mchele bado liko mapajani. "Nsamehe, wifi. Nshakudhania vibaya."

Shangazi aliipokea simu akaiangalia picha. Kisha akanigeukia mimi.

"Huyu ulimkata kwa nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba alikuwa anayavuta macho mbali na hina. Aliposikia hivyo alitikisa kichwa tu. Niliona haya, haya hasa, ile inayompanda mtu mpaka masikioni.

Bi Mwanaisha akasema niiweke picha nzima mtandaoni leo leo, watu wanyamaze. Niandike hapa bila kujipamba: nilikuwa nimeshalifikiria hilo njiani. Ingemtoa shangazi kwenye midomo ya watu, na ingesomwa kuliko ile ya kwanza. Nilikuwa nimeshapanga hata kichwa cha habari.

"Hapana," shangazi akasema. "Mikono yangu ishaonwa, basi. Lakini hii nnayonyweshwa na mume wangu ni yangu mie. Nitolee ya karatasi, mwanangu, nikae nayo."

"Na wanaosema je?" akauliza Bi Mwanaisha.

"Si wewe ushaona? Wakikuuliza, waambie."

Bi Mwanaisha akapangusa macho na upande wa kanga, akasema watamsikia. Namjua, watamsikia.

Nikaitoa ile picha iliyokatwa hapo hapo, mbele yao. Shangazi hakuniomba. Mahali pake nimeandika kwamba ilipigwa wakati wa harusi, mwenyewe akiwa na mumewe, na kwamba nimeiondoa kwa sababu sikumwomba ruhusa. Maelezo ya ndimu na maji ya chai yamebaki. Lakini nani atasoma hina asiyoiona? Nimechungulia sasa hivi, wasomaji wameshaanza kupungua, na kampuni ya matangazo wakibadili nia sitashangaa. Ningeweza kuchora mkono wangu mwenyewe, ila mkono wangu bado wa kisichana, na wale wanawake wa Maskati hawadanganyiki.

Nilipoaga shangazi alinisindikiza mpaka juu ya ngazi. Alinishika kiganja, akakigeuza, akaangalia madoa ya hina kwenye vidole vyangu, kwani mimi kila siku ninayo.

"Nkitoka eda uje unchore," akasema. "Upige nyengine, uitie huko kwenye mambo yako."

Nikasema inshallah.

"Ila siku hiyo kahawa utaninywesha wewe."

Akarudi ndani. Ngazi za nyumba ile ni nyingi na zina giza, na ni vizuri, kwa sababu nilishuka nikiwa nalia na sipendi kuonekana.

Mvua imepungua sasa. Mama ameniletea chai bila ya kuulizwa, nadhani ameshapigiwa simu. Nami nimekaa nikipigia hesabu jambo moja la kazi tu: siku hiyo nikiwa nimemshikia shangazi kikombe, simu ya kupigia picha nitaishikaje?