Bungeni Walisema Wodi Imefunguliwa, na Aliyewaambia ni Baba Yangu

Shikamoo mshauri,

Naomba unisikilize mpaka mwisho hata kama naandika ovyo, maana sina mtu mwingine wa kumwambia. Jina langu usiliandike, wala la kijiji, sema tu ni ndani ndani kutoka Mkiwa, na majina ya watu nimeyabadilisha. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, nina aibu sana, mwalimu akiita majina asubuhi naitika halafu bado anauliza kama nipo. Barua hii niliianza kwa Kiingereza nikidhani baba akiikuta itamchosha aiache, lakini nikaona Kiingereza changu ni cha kujibia mtihani tu, mambo ya nyumbani hakiyawezi, kwa hiyo nimeanza upya.

Baba yangu ni mtendaji wa kijiji. Mwaka juzi wananchi walichangishwa kujenga wodi ya wazazi pembeni ya zahanati, na baba ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba, aliyekosa mchango alitoa kuku, akina mama wakasomba mchanga kwa ndoo, jengo likapanda, likaezekwa, likapakwa rangi, kisha likafungwa kwa kufuli na ufunguo ukaondoka na fundi wa halmashauri kwa sababu vitanda havijaja na maji hayajaingia. Likakaa hivyo hivyo. Watu wakawa wanamtania baba njiani, wanamwambia mtendaji hongera, wodi yako imezaa popo. Baba anacheka nao, lakini akifika nyumbani anasogeza sahani pembeni.

Sasa mbunge wetu alipeleka swali Bungeni, kwamba ni lini Serikali itaanza kutoa huduma katika wodi ile. Mimi sikujua kwamba swali likishapelekwa huwa linarudi huku kwetu kutafuta jibu. Mchana mmoja nilikuwa uani napepeta mahindi, simu ya baba ikaita, na yeye huwa anaiweka kwa sauti kubwa maana sikio moja halisikii vizuri, ndiyo maana niliyasikia yote. Alikuwa Hosea, mtendaji wa kata. Alisema wizara imeuliza mkoa, mkoa umeuliza halmashauri, halmashauri imemuuliza yeye, swali linasomwa kesho asubuhi na wote wanasubiri mstari mmoja tu.

"Jengo limekwisha?"

"Limekwisha."

"Huduma zinatolewa?"

Baba akaangalia upande wa zahanati kama vile inaonekana kutoka kwetu.

"Zinatolewa."

Hosea akashukuru, akakata simu. Baba akaona namwangalia, akaniambia vitanda viko njiani, ameahidiwa wiki ijayo, sasa aseme leo hakuna kitu ambacho kesho kipo, aonekane yeye ndiye aliyeshindwa baada ya kuchukua kuku wa watu? Mimi nikasema ndiyo baba. Nilisema hivyo, mshauri, ndiyo baba, nikaendelea kupepeta.

Kesho yake maswali na majibu yakarushwa redioni, na shule ilikuwa imefungwa kwa hiyo nilikuwepo dukani watu wakisikiliza. Mbunge wetu hakuwa ukumbini siku hiyo, akasimama mbunge mwingine wa jimbo la mbali akauliza kwa niaba yake. Naibu Waziri akasoma kwamba wodi hiyo imekamilika na inatoa huduma kwa akina mama wa kijiji chetu na vijiji jirani. Yule mbunge akashukuru kwa majibu mazuri ya Serikali, akasema ana swali la nyongeza, akauliza barabara ya kwao. Ikaishia hapo. Watu dukani walicheka, mmoja akasema labda waliozungumziwa ni popo. Baba alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, naye akacheka. Mimi nilikuwa nawaza somo la Uraia, tumefundishwa kwa Kiingereza kwamba wabunge wanaihoji Serikali ili isifiche mambo, nikakariri nikapata alama zote, kumbe mtu anaweza kuuliza mahali asipopajua akajibiwa na mtu asiyepaona, na anayepaona yuko kwenye kreti la soda.

Sisi tulicheka kwa sababu tunaijua kufuli. Vijiji jirani hawaijui. Kuna mwanaume wa kijiji cha pili anaitwa Miraji, ni mfugaji, mtaratibu sana. Mke wake alikuwa aende mjini kwa dada yake akasubirie uchungu huko, kama wanavyofanya wengi huku mimba ikifika mwezi wa mwisho, maana gari siyo la uhakika. Aliposikia redioni kwamba wodi ya karibu imefunguliwa akasema sasa ya nini kwenda kuwachosha watu, akafungua mzigo aliokuwa ameshaufunga. Uchungu ulipomshika wakamleta kwa bodaboda mchana kweupe. Wakakuta kufuli. Jenifa, ndiye nesi wetu peke yake, akampokea kwenye chumba kile kidogo cha sindano, akamlaza kwenye benchi, akawa anampigia kila mtu simu atafute gari. Gari lilipofika mtoto alikuwa ameshafariki. Mama alipona. Niliwaona wakimtoa, Miraji alikuwa amebeba ile kanga mpya waliyokuja nayo, imekunjwa vilevile.

Kikaitishwa mkutano wa kijiji. Miraji akasimama, hakupandisha hata sauti. Alisema, "Serikali imesema Bungeni wodi inafanya kazi. Mimi nimekuta kufuli. Sasa anayedanganya ni Bunge au ni huyu dada?"

Watu wakaguna. Mwingine akadakia kwamba Jenifa amefungia jengo makusudi ili asiongezewe kazi, mwingine akasema hawa wa kuja ndivyo walivyo. Jenifa akasema, "Ufunguo sijawahi kuushika. Muulizeni mtendaji."

Na mtendaji ndiye alikuwa anaandika muhtasari. Hakuinua kichwa. Akasema, "Suala hilo litafanyiwa kazi."

Toka siku hiyo hakuna anayemsalimia Jenifa. Akifika bombani wanawake wanahamisha ndoo zao. Mwisho wa mwezi inakuja kamati kutoka halmashauri kumhoji, na tunasikia anaweza kufukuzwa kazi kabisa. Nilimwambia mama. Alikuwa anasonga ugali, akanijibu kwa Kinyaturu kwamba mtoto anayemwanika baba yake mbele za watu hana nyumba ya kurudi, halafu akaongeza kwa Kiswahili, kama anaongea na mgeni, hilo usilirudie tena.

Mshauri, baba siyo mtu mbaya. Nilipofaulu darasa la saba alizunguka kijiji kizima na matokeo yangu kwenye simu, anamwonyesha mpaka asiyejua kusoma, mpaka chaji ikaisha. Lakini sasa siwezi kumwangalia usoni na yeye haniangalii. Mbunge anakuja kufanya mkutano wa hadhara wiki hiyohiyo ya kamati, na mwalimu wa Uraia amenichagua nisome swali kwa niaba ya wanafunzi wenzangu, kuhusu maabara. Eti kwa kuwa naandika vizuri. Nimefikiria niliache hilo la maabara, nikishika kipaza sauti niulize nani alimpa Naibu Waziri lile jibu, na baba atakuwa meza kuu na kalamu yake. Nikifikiria hivyo, namwona baba anasogeza sahani pembeni. Nikifikiria kunyamaza, namwona Jenifa anapakia godoro lake kwenye pikipiki. Nifanye nini?

Mimi Mwenye Aibu,
Singida

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma, nikaiweka chini, nikatoka nje kidogo, nikarudi kuisoma tena.

Tuanze na lililo zito. Kifo cha yule mtoto usikibebe wewe. Ulisema "ndiyo baba" kwa sababu ndivyo ulivyolelewa kumjibu baba, na hakuna mtu kwenye ile simu aliyekuwa anasubiri maoni yako. Lakini Mwenye Aibu, usije ukaona nakubembeleza tu. Siku ile hukuwa na la kufanya. Leo unalo. Unajua jambo ambalo kamati haijui, na kuna mwanamke anakwenda kuhukumiwa kwa sababu wanaojua mko watatu na wote mmenyamaza.

Baba yako alikosea, tena vibaya. Aliulizwa kuhusu wodi, akajibu kuhusu heshima yake. Ila hakuwa peke yake na mimi sitamtwisha yote. Kuanzia wizara mpaka kata, kila aliyeshika simu alitaka mstari mmoja wa haraka, na katika wote hao hakuna aliyemtuma mtu akautikise mlango aone kama unafunguka. Na mbunge wenu naye ana la kujibu. Swali la wodi ya wazazi si la kumwachia mwenzako akusomee kisha aendelee na barabara yake. Angekuwepo yeye, au angempa mwenzake maelezo ya kutosha, lile jibu lisingepita kwa shukrani. Kuhoji Serikali ni pamoja na kujua jibu lililo sahihi kabla hujaambiwa lisilo sahihi.

Sasa sikiliza vizuri. Kumwumbua baba yako kwenye kipaza sauti nakataa. Miraji atakuwepo pale na uchungu wake. Waliotoa kuku watakuwepo, waliosomba mchanga watakuwepo. Hutakuwa umeuliza swali, utakuwa umewasha moto kwenye alizeti kavu, na Jenifa hatapata nafuu yoyote katika fujo hiyo. Siku ya mkutano soma swali la maabara kama wenzako walivyokutuma. Wamekuamini.

La baba yako lifanye nyumbani, tena mapema, wiki hii. Mchukue mama yako. Mama naye mwambie kwa niaba yangu kwamba namwelewa, anailinda nyumba yake, lakini nyumba ya mke wa Miraji nayo ilikuwa nyumba. Subirini baba ametulia, mkae wote watatu, umwambie maneno haya na usiongeze: "Baba, nilisikia ulichomjibu mtendaji wa kata. Jenifa anaadhibiwa kwa jibu hilo." Halafu nyamaza. Atafoka, au atalia, au atatoka nje. Mwache. Akirudi, mwombe kitu kimoja tu, ampigie Hosea aseme kwamba taarifa aliyotoa haikuwa sahihi, kisha aiandike na kuipeleka kwa mkurugenzi wa halmashauri kabla kamati haijafika. Jibu lililotolewa Bungeni si jiwe. Serikali inaweza kulisahihisha mbele ya Bunge hilohilo, na mbunge anaweza kuliuliza upya, safari hii akiwa ukumbini mwenyewe. Lakini haliwezi kusahihishwa kama aliye chini kabisa hajasema nilikosea. Adhabu inaweza kumpata, sitakudanganya. Ila aliyesema mwenyewe na aliyekamatwa hawapimwi sawa.

Ikipita wiki na baba hajafanya kitu, usingoje tena. Nenda kwa huyo mwalimu wako wa Uraia, umweleze ukiwa umekaa, kwa sauti yoyote utakayoipata. Muende pamoja kwa katibu wa mbunge, ofisini, mlango umefungwa, kabla ya mkutano wa hadhara. Na mwalimu amsaidie Jenifa kuiomba kamati ijibu jambo moja kabla ya mengine yote: ufunguo alikabidhiwa lini, na nani. Hapo hakuna mtoto aliyemshitaki baba yake. Ni kamati imefanya kazi yake.

Na kuna dogo ambalo halihitaji ruhusa ya mtu. Kesho ukienda kuteka maji ukamkuta Jenifa, mwamkie, na uiache ndoo yako palepale karibu na yake.

Namalizia kwa mzazi. Watendaji wa vijiji mko wengi, na kila mmoja anayesoma hapa ataapa kwamba si yeye. Sawa. Basi nasema na yule mmoja. Mzee, binti yako hajakushitaki kwa mtu yeyote. Ameandika kwa mgeni, amebadilisha majina, ameficha kijiji, na katikati ya yote hayo amepata nafasi ya kuniambia kwamba wewe siyo mtu mbaya. Mimi nimemwamini. Usimwachie mtoto huyu akafanye kazi yako. Piga simu leo.