Mke Wangu Hasikii Ladha, na Kikapu Kinakuja Kila Alhamisi

Mpendwa Bi Froukje,

Naomba unisaidie, na uniwie radhi kwa mwandiko, mikono yangu imezoea randa na misumari. Mke wangu Hinke alimaliza matibabu ya saratani mwezi wa tatu, na mimi, ambaye kwa miaka arobaini sikuwahi kuchemsha hata yai, nikaenda kutuandikisha kwenye shamba la ushirika nje ya mji, kila Alhamisi nachukua kikapu chetu cha mavuno, na kiangazi hiki mboga zimekubali kupita kiasi, zukini zile kama mamung'unye, bitiruti, maharagwe mabichi, majani ambayo hata majina siyajui, napika yote, naungua vidole, na Hinke anasifia kila sahani, "Wietse, umekuwa mpishi wewe!" Mwezi uliopita nilitia sukari badala ya chumvi kwenye supu ya njegere, akamaliza bakuli, akaomba jingine, nikasema moyoni, kweli huyu ananipenda.

Juzi mchana narudi na baiskeli, nikamsikia bustanini akiongea na dada yake kwenye simu: "Sisikii ladha yoyote, Jildou. Tangu yale matibabu, kila kitu ni kama natafuna karatasi. Lakini mwanamume huyu ananimenyea njegere huku anaimba! Nitamwambiaje? Acha nile tu."

Nilisimama nje ya ua na kikapu changu kama mwizi. Sijamwambia kwamba nilisikia. Nikisema, namharibia furaha. Nikinyamaza, namlazimisha aigize mara tatu kwa siku. Niache kupika?

Wietse, Dokkum

Mzee Wietse,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilihitaji leso. Sasa niache nikugombeze. Mmekaa meza moja, kila mmoja anamlinda mwenzake, halafu unakuja kuniuliza mimi wa gazetini, na mwenye jibu yuko bustanini kwako!

Mwambie leo, kabla hujapakua, asije akasikia haya huku ana chakula mdomoni. "Hinke, nilikusikia." Inatosha, usihutubie. Kisha muulize mdomo wake bado unasikia nini: baridi, moto, uchachu, vitu vya kutafuna? Hayo ndiyo umpikie. Yale maharagwe mabichi yatoe majini yakiwa bado magumu kidogo. Daktari wake naye aambiwe, maana wagonjwa wengi hulificha jambo hili kwa kuona ni dogo. Ladha huenda ikarudi, huenda isirudi, usimwahidi usichokijua. Na zukini likifika urefu wa mkono wako, mpe jirani, wala usimuulize kama analitaka.

Kupika usiache. Alichokuwa anakula kwa hamu miezi yote hii hakikuwa supu.

Froukje

Jibu hili nilimtumia Wietse kwa posta kabla ya kulichapisha. Ameniandikia mistari hii, na Hinke amekubali niitoe:

"Nilimwambia tukiwa kwenye sinki. Alicheka hadi akakaa sakafuni, kisha akalia, nami nikakaa chini pale pale. Baadaye akachukua karoti mbichi, bado inachuruzika maji, akaing'ata. 'Wietse,' akasema, 'hii naisikia. Si ladha, ni kelele tu. Lakini naisikia.' Tulimaliza fungu zima pale pale sakafuni."