Mtungi wa Ami Marhoon

Jumamosi, 5 Desemba 1970

Jiko la gesi limenizimikia tena, wali uko nusu. Mara ya tatu wiki hii! Upande wa kulia hauwaki kabisa, wa kushoto unawaka unapotaka wenyewe. Na harufu — yai viza. Nimemwambia Aflah amwendee Ami Marhoon, mwenye nyumba. Eti ami yake ndiye aliyetudhamini tukaingia nchi hii tulipotoka Unguja, atamwendeaje na habari za jiko? Mficha uchi hazai, nikamwambia. Akachukua gazeti. Mume wangu akiona aibu hujifanya anasoma.

Jumatatu, 7 Desemba

Nimekwenda mwenyewe. Ami yuko barazani na wenzake, akacheka. Jiko hili limewapikia Waingereza wa mafuta miaka mitatu na hakuna aliyelalamika, sisi tumezoea makaa ya Unguja, tutajifunza. Mimi! Niliyefundisha sayansi skuli miaka sita!

Nikarudi, nikakoroga sabuni, nikapaka kwenye mpira wa gesi. Povu likaumuka palepale. Umepasuka. Nikamwita Aflah aone kwa macho yake, akaona. Alasiri ami akaja na kitambaa, akaufunga mpira kama kidonda. "Khalas, ushapona." Aflah akamshukuru. Akamshukuru!

Jumatano, 9 Desemba

Mkono wangu wa kushoto umefungwa bendeji. Binti yangu Nasriya hana nyusi. Ana miaka minne.

Jana ilikuwa hivi. Bi Masouda, mama mkwe wangu, alikuwa akingoja wageni. Mimi niko chooni naoga. Akafungua koki ya mtungi wa gesi apike kahawa, jiko likagoma, akaliacha vilevile, koki wazi. Madirisha tumeyafunga kwa baridi. Baada ya muda akasikia uvundo. Sasa mwanamke wa Unguja aliyelelewa akaleleka, nyumba inanuka na wageni wako njiani, atafanya nini? Atafukiza udi. Akatia makaa kwenye chetezo, akaingia nacho jikoni, mjukuu nyuma ameshika kanga yake.

Moto ulipita chini kwa chini, wa buluu, haukutoa hata sauti. Nilisikia ukelele, nikatoka mbio. Nimemvuta mtoto kwa nywele na koki nimeifunga kwa mkono huu.

Bi Masouda analia tangu jana. Simlaumu. Ninaye wa kumlaumu. Ami ameletewa habari, amesema wanawake wafukize udi jikoni halafu jiko ndilo lenye makosa? Na Aflah amenirudishia maneno hayohayo kama kasuku.

Alhamisi, 10 Desemba

Mtungi nimeuburura uani kwa mkono mmoja. Nimepanga mafiga, napika kwa kuni. Mlango wa uani nimeuacha wazi, wapitao wanaona. Waone.

Ijumaa, 11 Desemba

Naandika nimekaa kizingitini kwa Shaikha, jirani wa mbele. Daftari huwa silibakishi nyumbani, nimetoka nalo. Kwa mwandiko nisamehewe.

Ami alikuja na Aflah baada ya sala, kula kwetu. Alipoona moshi uani uso ukambadilika. Eti nimemvunjia heshima, mji mzima wa Matrah unasema wapangaji wa Marhoon wanapika kama wako safarini. Akaubeba mtungi mwenyewe hadi jikoni. Kitambaa ni kilekile! Akafungua koki.

"Nnakuwashieni mbele ya macho yenu, mnyamaze."

Nikasema ami, mpira mbovu, harufu si hiyo? Nikataka kufunga koki, akasimama katikati. "Kheiria, ushanichosha mwanangu."

Bi Masouda, ambaye wiki nzima ananihubiria kwamba ami ni baba, alimbeba Nasriya akatoka miguu mitupu. Nikawafuata, nikidhani na Aflah yuko nyuma yangu.

Hayuko. Namwona kutoka hapa, milango yote iko wazi. Amesimama kando ya ami yake, mikono mbele, kama mtoto wa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani. Nimemwita mara mbili. Mama yake amemwita. Ameinua kidole tu — ngojeni. Anajua vizuri, povu aliliona. Lakini atamwachaje ami yake peke yake?

Ami anapapasa mifuko ya kanzu. Hana kibiriti. Anamuuliza Aflah, namsikia hadi hapa: "Wewe huna, mwanangu?"

Anacho. Mfuko wa kulia, pamoja na sigara. Ami hajui kama anavuta. Siku zote hizi amemficha, hutafuna karafuu kabla ya kwenda kumwamkia.

Mkono wa Aflah umeshuka mfukoni, umesimama hapo. Hautoki. Ami anamtazama, anangoja.

Mola wangu, nimeichukia hofu yake kwa ami huyu tangu tufike. Leo nakuomba usimwondolee.