Laini Isiyozimika

Jumatatu, 4 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Sisi wazima, ila mama na magoti yake. Nampa dereva wa vifaa barua hii kwa kuwa huko mliko simu hazishiki, na kwenye redio ya kazini kila mtu anasikia.

Juzi, kabla hamjapanda nguzo, mimi ndiye niliyezima laini yenu ya umeme kutoka huku chumba cha mitambo. Skrini ikaandika imezimwa, lakini kipimo kikabaki volti mia na tisini. Sola za mapaa na mtambo wa upepo wa shule viliendelea kuingiza umeme. Vilipaswa kujizima, havikujizima. Bosi anasema kipimo ni kibovu. Kaka, naogopa. Usiguse waya kabla hujaupima.

Mdogo wako

Jumamosi, 9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Kifua kimepoa. Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, sawa, lakini kunguru hana msimamizi. Kupima kila nguzo kunakula nusu siku, na mwenzangu Chapuchapu hunicheka nikitoa kipima. Ila nitapima, mradi wewe ulale. Msalimie mama.

Kaka yako

Jumapili, 31 Machi

Mdogo wangu,

Mimi ni mzima. Natanguliza hilo kwa kuwa najua mmesikia.

Jumanne hukuwa kwenye zamu. Bosi wako ndiye aliyetuambia redioni kwamba laini imezimwa. Nikapima, kipima kikalia: umeme upo. Chapuchapu alikuwa ameshapanda nguzo ya pili. Nikampigia kelele asiguse. Akageuka, akaniuliza, "Unasemaje?" Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye waya.

Tumemzika jana. Ijumaa asubuhi tunarudishwa juu. Sipandi mpaka nisikie sauti yako redioni.

Kaka yako

Jumatano, 3 Aprili

Kaka,

Shikamoo, na pole sana. Pole nyingi kwa mjane wa Chapuchapu.

Nilipeleka vipimo vya mwezi mzima kwa wachunguzi wa ajali. Leo bosi amenipokonya kitambulisho na kunitoa chumba cha mitambo. Ijumaa utasikia sauti nyingine, simjui mwenyewe. Wanasema wamefunga kifaa kipya cha kuzima sola zote kwa mpigo. Sijakiona kikifanya kazi hata mara moja.

Usipande. Wakikufukuza, njoo nyumbani.

Mama ameniuliza mbona mwandiko umepinda. Nimemwambia ni baridi. Dereva anasema atafika kwenu Ijumaa, ila saa hajui.

Mdogo wako