Nilivyoamia Ndege Dukani kwa Watu

Mama Tumaini, mke wangu,

Salamu nyingi, nzito kama ukungu wa Newala unaokukuta unafagia uwanja. Mmeamkaje hapo nyumbani? Kifua cha mama mkwe kule Lulindi kimetulia, au bado anakohoa na dawa hataki? Tumaini na mdogo wake wanakusikiliza, au wamerithi masikio ya baba yao? Mimi huku Sharjah nipo. Kichwa kizima, tumbo zima, miguu tu ndiyo inanung'unika, maana kazi ya pasi haifanywi kwa kukaa. Jioni nikivua viatu, nyayo zimevimba kama mihogo iliyosahauliwa shambani.

Najua utauliza kwa nini naandika na simu zipo. Kwenye simu wewe hucheka mapema, na mimi nikikusikia unacheka nasahau nililotaka kusema. Hili nataka likufikie lote. Barua anakuletea mama mmoja wa Tandahimba anayekwenda likizo. Mpe maji ya kunywa kwanza, ndipo uifungue.

Nilikwambia kwamba Joji, yule Mhindi niliyekaa naye chumba kimoja miaka yangu yote sita ya huku, amemaliza kazi akarudi kwao. Ukaniambia, "Sasa utalala, hakuna wa kukoroma." Nami nilidhani hivyo. Lakini narudi kazini, nafungua mlango, nasema "Nimerudi," na hakuna hata wa kuguna. Wiki ya pili nikajikuta naliambia birika. Birika, Mama Tumaini! Hapo ndipo likaniingia wazo la kufuga kasuku.

Cheka, halafu uendelee kusoma.

Ijumaa ndiyo siku yangu ya kupumzika, basi nikaenda soko la ndege. Nikaingia duka la mzee mmoja, Mzee Khamisi, asili yake Pemba, alikuja huku kijana. Nilipompa shikamoo akafurahi, akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Newala.

"Mmakonde!" akasema. "Sasa wewe kasuku utamfuga au utamchonga?"

"Mimi Mmakua wa Chiungutwa, Mzee. Mmakonde ni mke wangu, na anayechongwa ni mimi."

Akaniletea kigoda. Nikamwonyesha kasuku mkubwa wa kijivu, mkia mwekundu, anayeita wapita njia kwa Kiarabu. Nikasema namtaka huyo.

"Una miaka mingapi?"

"Hamsini na miwili."

"Huyu ana miwili. Akijaliwa atafika hamsini. Wosia wake umemwandikia nani?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Akasema kila anayefuga kwa mara ya kwanza humkimbilia yule anayesema, hajiulizi huyo ndege atashinda na nani. Akataka kujua natoka saa ngapi na narudi saa ngapi. Nikamwambia natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi saa moja jioni. "Basi huyo wa kijivu," akasema, "utamkuta amejinyonyoa kwa upweke, kama kuku wa Krismasi." Akanifundisha mengi. Nitazame macho, yawe maangavu. Nitazame pua, isiwe na majimaji. Nimwone akila mbele yangu. Parachichi ni sumu kwake, na moshi wa kikaango kilichoungua humuua. Nikawa naitikia ndiyo, ndiyo, kama nilivyokuwa naitikia hesabu shuleni.

Mara nikamwona mmoja kwenye kigogo karibu na mlango. Mwili kijani, kichwa cha kahawia, akiinua bawa unaona manjano. Yule yule mwizi wa mtama wetu! Mzee akasema huyu hakutegwa porini, amezaliwa huku huku kizimbani, pete yake ya mguuni ndiyo ushahidi, tena anapenda watu. Ni kweli, kwa sababu hapo hapo aliruka kuja begani kwangu.

Na mimi, mtu mzima mwenye mvi, nikafanya nini? Nikarusha mkono kama mwenye kombeo, nikapiga ukelele, "Haaaa! Weee! Tokaaa!" Ule ule wa dunguni, wa kufukuza ndege kwenye mtama. Miaka arobaini imepita tangu niamie ndege shambani kwa mama, lakini mkono haukusahau. Ndege wa duka zima wakapasuka kelele. Mama mmoja aliyekuwa akichagua chiriku akatoka mbio bila kiatu kimoja. Kasuku wangu akaenda kujibanza juu ya feni, na namshukuru Mungu ilikuwa imezimwa.

Mzee Khamisi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema, "Sasa huyo humchagui tena wewe. Atakuchagua yeye, au atakukataa. Njoo kila Ijumaa, ukae, usimguse."

Nikaenda. Ijumaa ya kwanza alinipa mgongo. Ya pili akanitazama kwa jicho moja, kama wewe nikikwambia nimeshakula. Ya tatu usingizi ulinichukua pale kigodani, na nilipoamka nikamkuta anaguguna kifungo cha shati langu. Ya nne nilichukua korosho ulizonitumia. Zilikuwa zimebaki mbili, usikasirike. Nikaivunja moja, nikaiweka kiganjani. Akaja. Akaipokea kwa mguu, akala taratibu huku ananiangalia, makombo yananidondokea suruali. Tangu Joji aondoke sikuwa nimekula na mtu.

"Amekubali," akasema Mzee. "Sasa mchagulie neno la kwanza. Moja tu, kila siku, kwa sauti ile ile."

Neno nilikuwa nalo. Nilitaka nikifungua mlango aniambie lile unaloniambia wewe ukiwa jikoni, bila hata kugeuka: "Baba Tumaini, umerudi? Nawa mikono." Nikalijaribu pale pale, nikataka litoke kwa sauti yako. Likatoka kama mbuzi aliyekwama kwenye ua. Nikajaribu tena, ikawa mbuzi yule yule. Sauti yako ninayo masikioni, mke wangu, lakini kooni haiji. Na ndege amenikodolea macho, anangoja.

Safari hii Mzee hakucheka. Akauliza, "Mkataba wako unaisha lini?"

Hapa ndipo nilipokuwa nakukimbia kwenye simu. Mkataba unaisha mwezi ujao. Karatasi ya kuongeza miaka mitatu nilikuwa nayo mfukoni tangu kabla sijakwenda soko la ndege, na sikukwambia. Kila ulipouliza narudi lini nilisema "tunaangalia". Sikuwa naangalia kitu. Nilikuwa nimeshaamua kubaki, nikaona nitafute wa kubaki naye. Mtu hanunui kizimba kwa ajili ya mwezi mmoja. Nisamehe.

"Ukimchukua, ukae," akasema Mzee. "Kumvusha mipaka kuna vibali vitakavyokuchosha kuliko pasi zako. Na sitaki uje kunirudishia. Aliyerudishwa huwa hamwamini mtu tena."

Nikamrudisha kigogoni. Nikampa na ile korosho ya mwisho.

Nasikia amechukuliwa na mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke anayeshinda nyumbani. Kabla hajachukuliwa Mzee aliniita nikamuage, sikwenda. Nikasingizia miguu.

Karatasi nimeirudisha bila sahihi. Msimamizi akaniambia mtu wa umri wangu hapati kazi nyingine. Nikamwambia ninayo, nimeisomea tangu utoto. Hakuelewa, wala sikumfafanulia. Najua chumba cha nyuma bado hakina dari, na miaka hiyo mitatu ndiyo ingeiweka. Tutalala tukitazama bati.

Mfikishie mama mkwe shikamoo yangu, umwambie dawa haiponyi kwa kutazamwa. Kaka yangu fundi baiskeli wa Chiungutwa, mwambie pampu yake nimeipata. Mwalimu wa kwaya asinitafutie nafasi. Umeshasikia habari za sauti yangu. Wanangu wabusu, hata huyo mkubwa anayejidai kukataa.

Nitafika kabla mtama haujakomaa, kwa hiyo usitafute mtu wa kuamia. Upande wa bondeni niachie mimi, na ukiona kasuku wanakula huku nimekaa kimya, usinipigie kelele mpaka washibe kidogo.

Na siku hiyo nikiingia uwanjani, usitoke kunipokea. Kaa huko huko jikoni, usigeuke. Sema tu lile neno.

Ni mimi mumeo, mbuzi wa kwenye ua,
Baba Tumaini