Deki Mtiifu na Keki Iliyoanguka

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu kanipa hotuba leo asubuhi, hata chai sijamaliza. Anakitaka chumba. Wageni wa harusi ya mjukuu wangu watalala wapi, anauliza, na chumba kizima kimejaa deki mbovu za video? Mbovu! Nikamwambia mbovu ni adabu yako. Humu ndani hakuna deki mbovu. Kuna deki ambazo sijazifikia.

Nikamtambulisha moja moja, maana kazisahau. Huyu ni Mnene, mkanda unaingilia juu, kumbeba unahitaji wanaume wawili na ugomvi. Huyu ni Bubu, picha safi, sauti hana. Huyu Mlafi — kila mkanda unaompa anautafuna, na mpaka leo sijajua kwa nini, lakini nitajua. Na huyu ndiye Mtiifu, mboni ya jicho langu, kutoka enzi za duka. Marehemu mume wangu alikuwa anakodisha kanda mbele, mimi nafungua deki nyuma ya pazia. Wateja wakidhani fundi ni yeye. Akiulizwa ugonjwa wa deki anasema, "Ngoja nikaangalie nyuma." Nyuma ni mimi!

Mwanangu akasema siku hizi watu wanaangalia kila kitu kwenye simu. Nikamwambia basi wageni wako walale kwenye simu. Kaondoka.

Jumatano, 5 Machi

Mjukuu wangu kaja, yule anayeolewa. Kakaa mbele yangu na sura ya hakimu. "Bibi, lile jambo la keki mlimalize."

Lile jambo! Kwani nililianzisha mimi? Siku ya harusi ya mwanangu, keki ya ghorofa tatu ilianguka chini mbele ya ukumbi mzima, kwa sababu mama wa bibi harusi, yaani mkwe wangu, aliuvuta mwisho wa kitambaa cha meza. Alitaka keki isogee upande wake wa picha. Niliona kwa macho yangu haya. Naye tangu siku hiyo anawaambia watu aliyevuta ni mimi! Macho makavu! Kaapa hatakanyaga nyumba hii mpaka nimwombe radhi. Nikasema vizuri, nyumba itakaa safi. Na kweli hajakanyaga. Mjukuu kazaliwa, kasoma, kapata mchumba, bibi zake wanaonana kwenye misiba tu, tena huyu mlangoni, huyu dirishani.

Sasa huyu mtoto ananiambia nini? Kwamba tusipopatana kabla ya harusi yake, wote wawili tutakaa nyuma kabisa, kwenye meza ya madereva.

Mimi! Na madereva! Nikamwuliza hivi unajua nani alikuosha matako? Kasema, "Nyote wawili, Bibi, kwa zamu."

Ana ulimi huyu. Sijui kautoa wapi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata dawa. Mkanda wa harusi! Mpiga picha alitoa mikanda miwili, mmoja wetu, mmoja wao. Wetu uko kwenye sanduku la nguo. Nitauweka kwenye deki, keki itaanguka mbele ya macho ya watu wote, na mwenye kuvuta kitambaa ataonekana. Ningewaza hivi mapema ningekuwa nimeshinda zamani.

Baadaye. Balaa. Nimeuweka kwa Mtiifu. Maharusi wanaingia, sawa. Watu wanapiga makofi, sawa. Mwanangu mwembamba kama fimbo, sawa. Wanaielekea keki, nasogeza kiti — halafu mpira wa miguu! Wanaume ishirini na wawili wanakimbizana! Nikautoa mkanda nikauangalia mgongoni. Kile kijino ambacho kikivunjwa deki hairekodi tena juu ya mkanda kilikuwa kimevunjwa vizuri, lakini tundu lake limezibwa na karatasi ya gundi. Mume wangu! Alikosa mkanda mtupu siku ya fainali akarekodi juu ya harusi ya mwanawe wa kumzaa. Na kafa bila kuadhibiwa.

Nimeuangalia mpira mpaka mwisho. Tulifungwa.

Jumamosi, 8 Machi

Habari zinapita kwa mkamwana wangu kama kawaida, kwa sababu mama yake hanipigii simu na mimi simpigii. Anasema mama yake kasikia habari za mkanda na mpira, kacheka sana. Kasema, "Kaufuta ushahidi." Ushahidi!

Halafu kasema wa kwake upo. Kaufunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kopo la biskuti, haujawahi kurekodiwa juu yake hata kikohozi. Ila deki hana. Nyumba nzima, mtaa mzima, ukoo wao wote wenye magari, deki hakuna. Kwa hiyo anauliza, "kama yule mwanamke" ana deki inayofanya kazi, atakuja Jumamosi ijayo.

Yule mwanamke anazo deki kumi na tisa. Mwambie aje.

Jumapili, 9 Machi

Leo sikwenda kokote. Nimemfungua Mtiifu mpaka mifupa. Mipira ya ndani imelegea, nimemvalisha mingine kutoka kwa Bubu. Nimefuta kichwa, kile kinachosoma picha, kwa spiriti na kipande cha ngozi laini, si pamba. Pamba inaacha nyuzi, nyuzi zinamla kichwa. Gurudumu la mpira, lile linalouvuta mkanda, nimelisugua mpaka limekuwa kama kisigino cha mtoto. Likiteleza hilo tu, mkanda unatoka njiani, unajizungushia, kwisha.

Mgongo wangu nao unahitaji kufunguliwa.

Jumanne, 11 Machi

Nina neno ambalo siwezi kumwambia mtu. Jana usiku — hapana, leo jioni, wakati wa kufunga madirisha — nilimtazama Mlafi. Naye akanitazama. Nikawaza: mkanda wa mkwe ukiingia humo haurudi. Nani atajua? Deki ni deki kwao, zote nyeusi, zote zina mdomo.

Nikajiambia wewe mama, una akili? Mimi nimevuta kitambaa? Sijavuta! Anayeogopa mkanda ni mwenye kosa. Tena mimi ni fundi. Tangu enzi za duka hakuna mkanda wa mtu ulioliwa mikononi mwangu. Mlafi nimemsukuma chini ya kitanda na kumfunika shuka.

Kisha nikarudi nikamwongezea blanketi.

Alhamisi, 13 Machi

Mtiifu kaimba! Nimempa mkanda wa sinema ya mapigano kutoka mwanzo hadi mwisho, hakuna chenga, hakuna kukwaruza. Televisheni ya kichogo nayo nimeipiga kofi moja ubavuni, rangi zimerudi.

Mkamwana anahangaika na usafi kwa ajili ya mama yake. Kaosha mapazia, kaosha hata balbu. Kauliza, "Mama, hii deki niifute?" Nikamwambia ifute nje tu. Nje TU. Kaitikia "sawa mama" bila kunitazama. Huyu mtoto mpole sana, sijawahi kumsikia akipaza sauti tangu aingie nyumba hii. Wakati mwingine nasahau kama yumo.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepiga pasi gauni. La bluu. Kijani sikivai tena. Siku ile ya harusi mkwe na mimi tulitokea na gauni moja, duka moja, kijani kilekile, mikono mipana ileile. Kila mtu anadai mwenzake kaiga. Yeye ndiye aliyeiga.

Jumamosi, 15 Machi

Kaja. Kavaa bluu! Kasimama mlangoni, kanitazama kuanzia shingoni hadi miguuni. Mjukuu wetu kaziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamtikisika.

Nikasema, "Karibu, mkwe." Akasema, "Nimekaribia. Deki iko wapi?" Hata kiti hajakiona! Kautoa mkanda kwenye kopo, kaufungua nailoni tabaka kwa tabaka kama anayefungua kidonda. Kabla hajanikabidhi kauliza, "Si ile inayokula?" Kumbe mwanawe kamsimulia habari za Mlafi. Nikamwambia Mlafi yuko chini ya kitanda, kajifunika blanketi, nenda kamjulie hali. Na kweli kaenda! Kainama, kafunua, kahakikisha, karudi.

Tumekaa. Mwanangu kwenye mkono wa kochi, mjukuu chini kwenye mkeka, mkwe na mimi viti viwili mbele. Mkamwana kasimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa cha vyombo. Nimebonyeza.

Picha kama jana! Hata mimi moyo umelainika kidogo. Mume wangu yuko hai, anajifuta jasho. Mume wa mkwe yuko hai, anacheza vibaya. Mkwe kanong'ona, "Mtazame jamani." Maharusi hao, keki hiyo. Mkamwana wangu pale kwenye picha kashika kisu, mdogo, kama kaazimwa. Halafu pembeni ya picha ukatokea mkono, unaielekea meza. Mkono mpana. Wa kijani.

"Huyo ni wewe!" sote wawili, kwa pamoja.

"Vidole vyangu havijawahi kuwa vinene hivyo!"

"Mimi bangili kama hiyo nitaitoa wapi?"

"Urudishe nyuma!"

"Ngoja uso utokee!"

Na ndipo nikaisikia. Wengine hawakuisikia, mimi niliisikia. Ile sauti. Krii, krii. Chenga zikapanda kutoka chini kama maji, keki ikajikunja, mkono wa kijani ukapotea. Nikabonyeza kusimamisha. Mkanda ndani. Hautoki.

Mkwe kasimama na mkoba wake. "Nilijua! Nilijua tangu nyumbani! Kaufuta wa kwake, sasa kaula wa kwangu!"

Mtiifu! Mbele ya watu! Nimetoa skrubu, nikainua kifuniko — na harufu ikanipiga puani. Polishi ya fanicha. Ya limau.

Mkanda umelizunguka gurudumu la mpira mara sijui ngapi, na gurudumu linang'aa kama kiatu cha askari.

"Nani katia polishi humu?"

Mkamwana mlangoni. Kashusha macho, kisha kayainua. "Nilifungua ule mdomo nikapuliza kidogo, mama. Nilitaka ing'ae na ndani."

Nikamgeukia mkwe. "Umesikia? Mwanao!"

"Anaishi kwako!"

"Umemlea wewe!"

"Umemaliza kumlea wewe!"

Mwanangu kakumbuka ghafla kwamba gari linahitaji kuoshwa. Mjukuu kamfuata, hata viatu hajavaa vizuri.

Kwa hiyo tumebaki sisi. Mkwe kasema hatoki humu mpaka mkanda wake utoke. Nikamwambia basi fanya kazi, shika tochi. Kashika. Naukunjua mkanda kwa kibanio, uzi kwa uzi, yeye ananiangazia na kunisuta.

"Ukiukata nitajua umekusudia."

"Usipotulia na hiyo tochi utaukata wewe."

"Mkono umechoka."

"Badilisha mkono, huo mwingine kazi yake nini? Kuvutia vitambaa?"

Kacheka! Kidogo, puani, halafu kajikohoza. Lakini kacheka.

Ndipo mkamwana kaja na sinia ya chai. "Mama," kasema, tukageuka wote wawili. Kaweka vikombe taratibu, kikombe changu kwangu, cha mama yake kwa mama yake. Halafu kasema, na sauti haikupanda hata kidogo, kwamba siku ile yeye alikuwa kasimama mbele ya hiyo keki na kisu mkononi. Karibu kuliko mpiga picha. Harusi ilikuwa yake. Na miaka yote hii tumewauliza wapishi, tumewauliza wapiga ngoma, tumemwuliza hata mwenye ukumbi — yeye hakuna aliyemwuliza.

Kachukua sinia, karudi jikoni.

Sasa naandika. Mkwe kauliza naandika nini kazi haijaisha. Nimemwambia vipimo vya deki. Kaamini, maana kasogeza tochi ili nione karatasi.

Jikoni maji yanamwagika, vikombe vinagongana. Anaosha polepole. Tunasikia kila kijiko.

Mkwe kanong'ona, "Mwulize."

"Mwulize wewe, ni mwanao."

"Anaishi kwako."

Kasema kwanza tuutoe mkanda. Nikasema ndiyo, kwanza mkanda. Kasema usiharakishe, utakatika. Nikasema nani anaharakisha?

Mkanda umeshatoka. Umetoka tangu sijaanza kuandika, uko mapajani mwangu, umekunjamana palepale penye keki, lakini haukukatika. Sijamwambia. Nadhani anauona, kwa sababu anautazama. Tochi kairudisha, anaangazia ndani ya deki tupu.