Miaka Miwili ya Issa

Jumanne. Kuta zinatoka jasho, sakafu inateleza, na nguo za watoto nilizoanika juzi bado mbichi. Guangzhou ikifika msimu huu hata chumvi inalia ndani ya kopo. Na mimi nimechoka. Si uchovu ule wa kulala ukaisha.

Watoto wote wawili wamelala, mchana huu huu, kwa pamoja. Hilo peke yake ni jambo la kushukuru. Naandika mbio mbio kabla hajaamka mmoja akamwamsha mwenziwe.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: Nasra ni binti yangu wa kumzaa, ana miezi kumi. Issa ni mwanangu wa kulea. Tumempata kupitia shirika moja la Bujumbura, na tuko naye hapa China, mtaa wa Xiaobei, wiki ya pili sasa. Tulianza kumwomba wakati ndoa yetu ina miaka minne na tumbo langu halijawahi kushika kitu. Wakatutumia picha yake, ana miezi mitatu, kakunja uso kama mzee aliyenyimwa kahawa. Nikampenda hapo hapo. Karatasi zikachelewa, na katika kuchelewa huko ndiyo mimba ya Nasra ikaingia.

Watu wakasema, basi mwacheni huyo, Mungu kashakupeni wenu. Nikawajibu huyu ndiye wa kwanza, ila njia yake ndefu.

Sasa jambo lenyewe linaloniuma leo.

Sisi dini yetu haimgeuzi mtoto wa kulea kuwa wa damu. Unamlisha, unamvisha, unampenda, lakini akishabaleghe, wewe kwake ni mwanamke kama wanawake wengine. Unajitanda mbele yake. Humkumbatii. Nasra naye si dada yake. Ila kuna mlango mmoja tulioachiwa, nao ni ziwa. Mtoto akinyonya kwako akashiba, mara tano mbalimbali, kabla hajatimiza miaka miwili, basi huyo ni mwanao wa kunyonya. Umeshakuwa maharimu wake mpaka kufa. Na si lazima akamate titi, hata ukikamua ukampa kwa kikombe inahesabika.

Kwa hiyo Nasra alipozaliwa nilikunywa uji wa pilipili manga mpaka ulimi ukafa ganzi. Nilitaka maziwa ya watoto wawili. Kila mwezi naliambia shirika, jamani mleteni kabla hajafika miaka miwili. Hawakujua kwa nini nina haraka, walidhani ni pupa ya mama kijana. Baba Nasra akaenda kumchukua, na siku wanatua nilitazama kalenda ya ukutani, ile aliyotupa laoban wetu, mwenye duka tunalonunulia nguo kule Guangyuan Xilu. Siku ya kuzaliwa Issa nimeizungushia kalamu nyekundu. Ni Jumatatu ijayo. Nikasema tunao muda.

Muda tulikuwa nao. Aliyekuwa hataki ni Issa.

Titi alilitazama kama kitu cha Nasra, akageuza uso kwa adabu kabisa. Nikakamua, nikatia kwenye kikombe chake cha bata. Akaonja, akatema, akasema "oya", ndiyo hapana ya kwao. Kila siku oya. Nimemwimbia, nimemchezea, nimejifanya nakunywa mimi. Nimekamua mpaka mgongo unawaka moto, kisha naishia kumwaga kwenye sinki. Anayejua kukamua maziwa anajua uchungu wa kuyamwaga. Mwisho nikayachanganya kwenye uji wa mchele, huo akala. Lakini nikaingiwa na wasiwasi: yakichanganywa na uji yanahesabika?

Ndiyo jana nikamtumia ustadhi wetu wa nyumbani Unguja ujumbe wa sauti. Leo asubuhi akajibu. Sauti yake ya upole, nasikia na kuku wake nyuma.

"Mwanangu, kabla ya uji, niambie kwanza huyo mtoto kazaliwa lini."

Nikamtajia tarehe. Ukaja ujumbe mwingine.

"Hiyo umehesabu kwa miezi ya kizungu, mwanangu. Miaka miwili ya kunyonyesha ni ya mwezi mwandamo. Kwa hesabu hiyo alishatimiza kabla hajatua huko kwenu. Pole sana."

Nikakaa chini, kwenye sakafu ile ile yenye maji.

Yaani mimi! Mama yangu alipofiwa na baba, nani alikuwa akimhesabia eda kwa mwezi mwandamo? Si mimi? Ramadhani tunaungojea mwezi, Idi tunaungojea mwezi, wakati mwingine tunagombana mtaa mzima kama umeonekana ama haukuonekana. Halafu umri wa mwanangu nikauhesabu kwa kalenda ya duka la nguo. Niliishia darasa la saba, lakini hili halihitaji shule. Hili nililijua tangu mtoto. Sikulikumbuka tu.

Na kuna bibi Mchina ghorofa ya chini, tunapokutana kwenye lifti anamshika Issa shavu na kunionyesha vidole vitatu. Kwao mtoto anazaliwa na mwaka wake mmoja tayari, na mwaka wao mpya ukiingia anaongezewa mwingine. Kwa hiyo kwake Issa ana miaka mitatu. Nilikuwa nacheka nikifika juu. Leo sikucheka.

Nikashika tumaini la mwisho. Issa aliokotwa, aliachwa kwenye baraza ya msikiti, mtaa wa Buyenzi huko huko Bujumbura. Kwa hiyo tarehe yake ni ya kukisia, sivyo? Huenda ni mdogo kuliko wanavyosema. Nikampigia dada wa shirika, yule anayetupigia kila wiki kuuliza hali.

"Bonjour, mama Issa! Anakula? Anacheka?"

"Anakula, dada. Kucheka bado. Nilitaka kuuliza, ile tarehe mliipata wapi? Mlitazama meno?"

"Meno gani, mama? Alikuja na kitovu bado kinaning'inia! Mimi mwenyewe nilimwogesha. Alikuwa wa jana ama juzi, pas plus, haizidi hapo."

Alikuwa anacheka aliposema. Hajui kanifungia mlango. Lakini pia kanipa kitu ambacho sikuwa nacho: mwanangu ana siku mbili, kitovu chake kinaning'inia, na mikono ya mtu inamwagia maji ya vuguvugu. Nimeliwaza hilo asubuhi yote. Nimelionea wivu pia, siwezi kusema uongo hapa.

Nikampigia baba Nasra sokoni. Kulikuwa na kelele za watu wanaoburura marobota. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi mama, tusimfanye mtoto alipe kosa la kalenda." Halafu akaniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula.

Wifi yangu Mwanaidi, dada yake, habari ikamfikia Unguja kabla sijakata simu vizuri. Huyo ndiye hakutaka Issa aje. Akanitumia sauti, anacheka mpaka anakohoa: "Sasa unalia nini, wifi? Mmepata mkwe wa kumlea wenyewe! Nasra akikua hamwendi kutafuta mbali, mume yuko chumba cha pili!"

Nikajibu, "Wifi, muombee kwanza aache kukojoa kitandani, posa baadaye." Naye akacheka zaidi. Mimi nilizima simu nikalia kidogo, kwa sababu kasema kweli. Kwa sheria, ndivyo.

Ndivyo.

Baada ya adhuhuri nilikaa kwenye mkeka nikamnyonyesha Nasra. Kikombe cha bata kilikuwa juu ya kigoda, nimekijaza alfajiri kabla ya ujumbe wa ustadhi kuja, sikuwa na nguvu hata ya kwenda kukimwaga. Issa alikuwa anapanga vifuniko vya sufuria. Nikasikia vimenyamaza. Nageuka, kakishika kile kikombe kwa mikono miwili, kichwa kakirudisha nyuma, anakunywa. Anakunywa hasa, koo linapanda na kushuka. Akamaliza, akapangusa mdomo kwa mkono, akaninyooshea kikombe.

"Ongera," akasema.

Kirundi sijui, lakini hilo halikuhitaji mkalimani.

Nilicheka na kulia kwa mpigo mmoja. Wiki mbili nimembembeleza anywe, kanywa siku ambayo hayana tena kazi. Halafu nikajiuliza, kazi gani? Mtoto alikuwa na kiu, maziwa yalikuwepo. Nasra alikuwa kashalala ziwani, nikamlaza pembeni, nikamkamulia mwenziwe nusu kikombe kingine.

Alipomaliza akaja kulala kwangu kama anavyolala tangu afike. Hakumbatii, hataki kubebwa. Anachofanya ni kujilaza ubavuni, kuingiza mkono chini ya mtandio wangu, kukamata msuko mmoja na kuubana mpaka usingizi umchukue. Akigutuka anavuta kwanza, kuhakikisha kuna mtu mwisho wake.

Hapa ninapoandika bado kaushika. Naandika kichwa upande.

Najua itafika siku nitazifunika nywele hizi mbele yake. Nitamweleza mwenyewe, mapema, kabla Mwanaidi hajamweleza kwa kicheko. Atanichukia kidogo, labda. Nitajitanda, nitamwekea chakula, nitamuuliza habari za shule, na ataniita mama kwa sababu sina jina jingine la kumpa. Je, nitaweza? Leo sijui. Leo mgongo unauma na nguo hazijakauka.

Lakini siku hiyo haijafika, iwe kwa mwezi mwandamo, iwe kwa kalenda ya laoban, iwe kwa vidole vya bibi wa chini.

Misuko hii imeanza kulegea, jana aliamka na nywele kiganjani. Kesho nitafumua nisuke upya, mistari mikubwa mikubwa, apate pa kushika.